Ili na Hivyo

Bukoto, Jumamosi, 9 Machi 2024

Baba Emile,

Leo darasani kiti chako kilikuwa kitupu. Kabla sijauliza, Kavugho alisimama mbele ya wanafunzi wote akasema, "Mwalimu, mume wangu wamemfunga," kisha akaketi na kujifunika uso kwa kitenge. Sikufundisha tena. Niliwaruhusu watu waende, tukabaki wawili ukumbini.

Ananiambia ni habari za Rajab, yule mwenye boti unayefanya naye kazi pale Ggaba. Kwamba alianguka majini, panga la injini likamkata mguu, na mpaka leo yuko hospitali hawezi kusema. Ananiambia pia kwamba askari walikuuliza kama unataka mkalimani, ukakataa, ukaandika maelezo yako mwenyewe kwa Kiingereza. Alilisema hilo kwa fahari kidogo, hata katikati ya machozi.

Mimi ni mtoto wa kambi ya polisi. Mzee wangu, Opoka, alivaa yale magwanda mpaka akastaafu, na nimekua nikisikia jinsi karatasi moja inavyoweza kumtoa mtu au kumzamisha. Kwa hiyo nakuomba, niandikie uliandika nini. Neno kwa neno, kama unakumbuka.

Kavugho atakuletea barua hii pamoja na chakula. Pole sana, ndugu yangu. Darasa zima linakuombea.

Wako,
Mwalimu Alal

*

Gerezani, 14 Machi 2024

Mwalimu wangu,

Aksanti kwa barua. Huku barua inasomwa na askari mlangoni kwanza, kwa hiyo ya kwako ilifika ikiwa wazi, lakini ilifika.

Nikueleze ilivyokuwa. Ile asubuhi tulikuwa tumepakia masanduku ya barafu ya kwenda visiwani. Boti ilikuwa imefungwa kwenye mti wa gati. Rajab alikuwa nyuma, ameinama juu ya injini, ameshaiwasha. Mimi nilikuwa mbele kwenye kamba. Akapiga kelele. Nikasikia "fungua!" nikafungua. Boti iliruka kama mbuzi. Rajab hakuwa amekaa, hakuwa ameshika kitu. Nilipogeuka sikumwona, niliona maji tu, na yale maji yalikuwa yamebadilika rangi. Niliruka. Mimi ndiye niliyemtoa, Mwalimu. Lakini watu waliokuwa nchi kavu waliona mimi nafungua kamba, naye anaanguka, na wanajua kwamba jana yake tulikuwa tumegombana kwa maneno makali juu ya mimi kuchelewa kazini.

Sasa usiku na mchana najiuliza: kama alisema "funga" je? Injini ilikuwa inanguruma. "Funga" na "fungua," tofauti yake ni nini kwa sikio lililojaa kelele? Rajab ndiye aliyenipa kazi wakati Kampala nzima hakuna aliyenijua. Namwomba Mungu aamke. Simwombi aamke ili anitetee. Aamke tu.

Kuhusu karatasi usiwe na hofu, niliandika vizuri. Niliandika hivi: "I untie the rope so that Rajab fall in the water." Nilifungua kamba, hivyo Rajab akaanguka majini. Unaona? Nilitumia kiungo! Si wewe uliyetuambia kwamba Kiingereza bila viungo ni kama nyumba ya matofali bila udongo? "Because" ni kwa sababu. "So" ni hivyo. Na ile siku nilikuuliza tofauti ya "so" na "so that," ukasema ni kitu kimoja, ila cha pili ni kirefu na ni kizuri zaidi kwa maandishi. Basi, kwa kuwa ilikuwa karatasi ya polisi, nikaweka kile kizuri zaidi. Askari aliisoma mara mbili, akaniangalia, akaniambia niweke sahihi.

Mwambie Mama Emile asiache masomo juu yangu.

Mwanafunzi wako,
Aristide

*

Bukoto, Jumapili, 17 Machi 2024

Baba Emile,

Nimesoma barua yako. Sentensi yako nimeiona. Ina makosa madogo madogo ya nyakati, ambayo ni ya kawaida kwa mtu anayejifunza, na nadhani kila mtu kule polisi anajua kwamba mgeni huandika kama mgeni. Usijisumbue nayo.

Nakuomba jambo moja tu: usiandike tena chochote kwa Kiingereza. Chochote. Siku ya mahakama omba mkalimani wa Kiswahili, ni haki yako, hakuna aibu.

Nimezungumza na Kavugho kuhusu wakili wa msaada. Nimeongeza sabuni na sukari kwenye mfuko. Nilitaka kuandika mengi zaidi, lakini leo kichwa kinaniuma.

Mwalimu Alal

*

Gerezani, 4 Aprili 2024

Mwalimu wangu mpendwa,

Jana nimefika mbele ya hakimu, na nimeona ajabu.

Mwendesha mashtaka alisimama na ile karatasi yangu. Aliisoma kwa sauti kubwa, Kiingereza changu mwenyewe, na ninakuambia ukweli, mwanzoni nilisikia raha. Hakimu akaniuliza, "Haya ni maneno yako?" Nikajibu, "Yes, my lord, I write it myself." Watu wakanong'ona.

Halafu mkalimani akageuza kwa Kiswahili. Alisema: "Nilifungua kamba ili Rajab aanguke majini."

Nikasema, "Ili? Nani amesema ili?"

Mkalimani akaniambia, "Wewe. Ndivyo ulivyoandika."

Nikasema, "Mimi sikusema ili. Mimi nilisema hivyo. Alianguka, sikumwangusha!"

Hakimu akaniambia nitulie. Mwendesha mashtaka akasema mshtakiwa anajaribu kukana mkono wake mwenyewe. Shitaka wanaliita kujeruhi kwa makusudi, na makusudi yenyewe, wanasema, nimeyaandika mimi. Dhamana nimenyimwa.

Yule mkalimani ni muongo au hajui kazi. Sijapata kuwa na hasira na mtu hivyo tangu nitoke kwetu Butembo, kule Kongo. Kwa hiyo, Mwalimu, nakuomba msaada ulio mdogo kwako lakini kwangu ni mkubwa: niandikie lile somo kwenye karatasi, kwamba "so that" ni sawa na "so," ni hivyo, na Mama Benedicte, kama mkuu wa kituo chenu, agonge muhuri. Wakili wangu atampa hakimu. Mkalimani ataaibika.

Na habari nyingine, hii nilitaka ikufurahishe. Hapa tumeanzisha darasa! Ninao wanaume wanne. Mmoja anaitwa Kidega, askari wa zamani kutoka Gulu, ana herufi nzuri kuliko zangu. Ninawafundisha viungo jinsi ulivyotufundisha, neno kwa neno. Wamekuita Mwalimu wa Mwalimu.

Nasubiri karatasi.

Mwanafunzi wako,
Aristide

*

Gerezani, 29 Aprili 2024

Mwalimu,

Sijui kama barua yangu ilipotea. Kavugho anasema alikukabidhi mkononi, ukaiweka ndani ya mkoba bila kuifungua.

Anasema pia umepewa cheo, kwamba sasa utasimamia madarasa yote, la hapo Bukoto na lile jipya. Hongera. Mama Benedicte amechagua vizuri. Naelewa kwamba kazi zimekuwa nyingi.

Wakili anasema bila kitu chochote kipya kesi itasikilizwa na hii karatasi ndiyo itakayosema peke yake. Nilimwambia, subiri, Mwalimu wangu analeta. Leo ameniuliza tena.

Rajab ameamka, umesikia? Wamemkata mguu chini ya goti. Mke wake, Ayoo, alimwambia Kavugho asikanyage tena pale hospitali. Niliposikia habari ya mguu nilishindwa kula. Si wao wamesema makusudi? Mimi najua sikukusudia, lakini mguu haupo, na mkono uliofungua kamba ni huu ninaoandikia.

Kama nimekukosea kwa neno lolote, nisamehe.

Aristide

*

Bukoto, Jumapili, 5 Mei 2024

Aristide,

Barua zako zote mbili zilifika. Hujanikosea. Soma hii mpaka mwisho kabla hujaichana. Na wewe afande unayeisoma mlangoni, isome polepole, maana sitaki neno lake hata moja lipotee.

Mkalimani hakusema uongo. "So that" ni ili. Ukiandika kwa Kiingereza kwamba ulifungua kamba "so that" mtu aanguke, umeandika kwamba kuanguka kwake ndiko ulikokuwa ukikutaka. "So" peke yake ingekuokoa. Lile neno dogo la pili ulilipata kwangu.

Ile Jumamosi uliponiuliza, nilikuwa na haraka. Mama Benedicte alikuwa ameniletea wale wageni wa shirika linalotufadhili, wako mlangoni wananitazama, na wewe umenyoosha mkono na swali ambalo sikuwa na uhakika nalo. Ningeweza kusema, "Ngoja nikaangalie." Ni maneno mawili tu. Nikaona haya kuyasema mbele ya wageni, nikakujibu kwa sauti ya mtu anayejua. Walitikisa vichwa kwa kuridhika.

Kosa hilo la kwanza, labda Mungu anaweza kulielewa. La pili ndilo linaloninyima usingizi. Wiki ileile nilikwenda kuangalia kwenye kitabu, nikaona nilivyokosea. Jumamosi iliyofuata niliingia darasani nikiwa nimekusudia kusahihisha. Nikawaona mmekaa, nawe umekwishaandika mifano yako mistari mizima, unatabasamu. Nikasema moyoni, nitasahihisha tukifika sura nyingine. Tukafika sura nyingine. Nikanyamaza. Nani atauawa na kiungo, nilijiambia.

Barua yako ya kwanza ilipofika na ile sentensi ndani yake, nililielewa jambo zima pale pale niliposimama, kwenye ngazi za ghorofa, mifuko ya sokoni mkononi. Nikakujibu kwamba ni "makosa madogo madogo ya nyakati." Uliponiomba muhuri, sikuweza hata kuifungua barua mbele ya mkeo. Na cheo wanachonipongezea nilikipokea nikiwa na barua yako kwenye mkoba uleule.

Jana nilimwambia baba. Nilidhani atanitetea, maana siku zote yeye hunitetea. Alisikiliza, akazima redio, akaniuliza, "Huyo kijana ana mtoto?" Nikasema ana mmoja. Akasema, "Polisi haijui sarufi, Alal. Inajua sahihi. Sasa karatasi yenye sahihi yake inaondolewa na nini? Na karatasi yenye sahihi yako. Nenda Jumatatu. Na usiipeleke tu, kaa hapo useme kwa kinywa chako." Kisha akawasha redio.

Kesho asubuhi naenda kwa wakili wako kula kiapo. Nitamweleza Mama Benedicte pia. Na tafadhali, wale wanaume wanne. Waambie leo. Waambie ni mimi, si wewe.

Sikuombi unisamehe. Sina uso wa kuomba.

Alal

*

Gerezani, 12 Mei 2024

Mwalimu Alal,

Nimesoma mpaka mwisho.

Nilipokuwa nikimtukana yule mkalimani, hata kwenye sala nilimtaja. Mtu ambaye alifanya kazi yake.

Wale wanaume nimewaambia. Kidega alikuwa ameshaandika maelezo ya rufaa yake, kurasa mbili, na hicho kiungo kimo ndani. Bado hayajaondoka. Alikaa akayaangalia, akachana, akaanza upya. Darasa limekufa. Ningewezaje kuwafundisha kitu kingine? Kila ninachokijua kimetoka kwako.

Nenda kwa hakimu kama ulivyosema. Lakini hapa usije kunitazama, wala usitume sukari.

Aristide

*

Bukoto, Jumamosi, 22 Juni 2024

Aristide,

Umeniambia nisije, sikuja. Hukuniambia nisiandike.

Juzi mahakamani hukunitazama, na sikutegemea unitazame. Ulisikia maswali ya yule mwendesha mashtaka: nina cheti gani, nimelipwa na nani kuja kusema haya, mwalimu gani anayejua amekosea akanyamaza. Nilijibu yote. Hilo la mwisho nililijibu, "Mimi," na mkalimani, yule yule wako, akaligeuza kwa sauti ya chini kana kwamba ananihurumia. Hakimu alitaka nieleze tofauti yenyewe. Nikaeleza kwa mfano wa mvua: mvua ilinyesha hivyo nguo zikalowa, hakuna anayesema mvua ilinyesha ili nguo zilowe. Nikaona anaandika.

Ulipokuwa umekwisha kushushwa chini, kwa ombi la Ayoo na ridhaa ya wakili wako, Rajab aliletwa kwenye kiti cha magurudumu kutoa ushahidi wake. Labda wakili amekwambia, lakini mimi nilikuwepo. Walimuuliza alipiga kelele gani. Akasema hakumbuki. Wakamuuliza kama anaamini ulitaka afe. Ayoo akamshika bega. Akasema, "Huyu aliruka majini kwenye injini inayozunguka kunitafuta. Mtu anayetaka nife angebaki nchi kavu." Uamuzi wamesema Julai.

Mimi cheo kimeondoka. Mama Benedicte hakunifokea. Alisema, "Wewe binti, ningekupa watoto wangu," na hilo lilikuwa zito kuliko kufokewa. Ameniachia darasa moja tu, hili la Jumamosi, kwa sababu nilimwomba, na kwa sharti kwamba niwaeleze wanafunzi. Leo nimewaeleza. Nilisimama ubaoni nikaandika sentensi mbili, nikawaambia ipi niliwapotosha na nani anaumia kwa ajili yake. Wawili walitoka. Kavugho hakutoka. Alikaa kiti cha nyuma, hajaandika kitu, hajanisalimu, lakini amekaa mpaka mwisho wa kipindi.

Sijui kwa nini nakueleza. Labda kwa sababu nimezoea kukuficha.

Alal

*

Ggaba, Jumapili, 28 Julai 2024

Mwalimu Alal,

Sasa unajua kwamba nimetoka. Hakimu aliondoa makusudi, akaniachia uzembe, akasema muda niliokaa ndani unatosha. Kavugho alilia kwa sauti mpaka askari wakacheka. Emile hakunitambua vizuri, alijificha nyuma ya mama yake. Nikamwacha, aje mwenyewe.

Sikukuandikia mara moja juu ya jambo moja: nilijua nikiandika nitaandika kwa hasira. Nikangoja ipungue. Haijaisha. Bado nikiona ubao wa matangazo wa Kiingereza barabarani moyo unaruka, nasoma polepole kama mtu anayekanyaga sakafu asiyoiamini. Hicho umenichukulia, na sijui kama kitarudi. Lakini pia nimefikiri: mwendesha mashtaka hakukuita. Mimi sikujua. Ungekaa na cheo chako, na hakuna mtu duniani ambaye angejua. Hilo nalo naliweka kwenye mizani.

Wiki iliyopita nilikwenda kwa Rajab. Nilizunguka pale soko la samaki kwanza, mara nne nadhani, nikisalimia watu ambao hawakutaka kunisalimia. Ayoo alinifungulia mlango, akaniangalia, akarudi ndani, lakini mlango hakuufunga. Rajab alikuwa amekaa kwenye mkeka, mguu wa suruali umekunjwa na kushonwa. Nilikuwa nimetayarisha hotuba. Mwalimu, hotuba nzima iliondoka. Nilipiga magoti, nikasema, "Kaka, hakimu amesema sikukusudia. Ni kweli. Lakini ni mimi niliyefungua."

Akasema, "Najua ni wewe. Nani mwingine alikuwa kwenye kamba?"

Nikamuuliza kile kilichonitafuna miezi yote hii: "Ulisema nini ile asubuhi? Ulisema fungua au ulisema funga?"

Alinitazama. Nadhani aliona jinsi nilivyokonda. Akasema, "Nilisema fungua. Kosa ni langu, sikuwa nimekaa."

Mahakamani, baada ya kiapo, alisema hakumbuki. Sasa anakumbuka. Sijui lipi ni kweli, na sitamuuliza tena. Kama ni zawadi, ni kubwa mno kuichunguza.

Halafu akasema humo ndani kuna joto, nimtoe nje. Nikainama, akapanda mgongoni mwangu. Ni mzito, Mwalimu. Amekaa kitandani miezi na bado ni mzito vile. Nikamtoa mpaka ukutani penye kivuli, Ayoo akatuletea maji, bilauri mbili. Tukakaa tukiangalia watu wanateremsha sangara, Rajab akiwapigia kelele kwamba wanabeba vibaya.

Boti yake sasa naiendesha mimi kwa niaba yake, mpaka atakapopata mguu wa bandia. Jumamosi ndiyo siku ya kumpeleka kliniki, kwa hiyo darasani usinitegemee. Sisemi kamwe. Nasema si sasa.

Lakini Kavugho atakuja. Anataka kujua Kiingereza kuliko nilivyotaka mimi, na atakusumbua kwa maswali, jitayarishe. Mfundishe polepole. Na siku atakayokuuliza kitu usichokijua, hata kama mlango umejaa wageni, mwambie hujui.

Aristide